Dereva Mlevi Haogopi Jela, Anaogopa Kupimwa

Desemba 2013 madereva wa Nairobi walikutana na kitu kipya barabarani. Maafisa wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, wakiwa na polisi wa trafiki, waliweka vizuizi usiku na kumtaka kila anayefika hapo apulize kifaa kidogo cha mkononi kinachopima pombe kwenye pumzi. Alcoblow, ndivyo kilivyoitwa, na haikuchukua wiki nyingi jina hilo kuenea mjini kote. Watu waliozoea kunywa kisha kushika usukani wakaanza kuacha magari baani, kuita teksi, au kumchagua mwenzao mmoja akae na soda hadi mwisho. Wenye baa wakalalamika kuwa wateja wanaondoka mapema na biashara imedorora. Vikundi vya WhatsApp vikajaa taarifa za vizuizi viko wapi usiku huo.

Faini ya kuendesha gari ukiwa mlevi haikuwa ngeni, na kifungo kilikuwa kwenye vitabu vya sheria miaka mingi. Kilichobadilika ni kwamba, kwa mara ya kwanza, mtu aliyekunywa chupa nne alijua kuna uwezekano wa kweli wa kupimwa kabla hajafika kwake.

Hofu hiyo haikudumu. Aprili 2017 Mahakama ya Rufaa ilisema kanuni za 2011 zilizotumika kwenye zoezi hilo zinakinzana na Sheria ya Trafiki. Kifungu cha 44 cha sheria hiyo kinamtia hatiani anayeendesha gari akiwa amelewa pombe au dawa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Kanuni nazo zilitaja kiwango cha pombe mwilini, na kukivuka tu kukawa kosa. Kanuni haiwezi kwenda mbali kuliko sheria iliyoizaa, na majaji walilisema hilo. Polisi waliachiwa kifungu cha 44, lakini hapo mzigo wa ushahidi ni mzito zaidi: afisa anapaswa kuonyesha kwamba dereva alishindwa kulidhibiti gari, si kwamba alikunywa tu. Tangu hapo misako imekuwa ya msimu. Inatangazwa Krismasi na Mwaka Mpya, inapamba moto baada ya ajali iliyotikisa nchi, kisha inanyamaza. Mwanzoni mwa 2024 ilitangazwa upya, na madereva waliipokea kama wanavyoipokea mvua ya vuli: itanyesha, itakatika.

Kwa takwimu za NTSA, watu 4,748 walikufa kwenye barabara za Kenya mwaka 2024. Hao ni karibu watu 13 kila siku. Kundi kubwa zaidi kati yao ni watembea kwa miguu, watu ambao hawakushika usukani wowote. Si vifo vyote hivyo vilivyoletwa na pombe. Mwendo wa kasi, magari mabovu, uchovu na barabara zisizo na njia ya miguu vina sehemu yao. Lakini ulevi ni chanzo kinachoweza kuzuiwa kwa gharama ndogo, kwa kifaa kinachoshikwa kwa mkono mmoja, na nchi nyingine zimekwisha kuonyesha namna.

Kwanza, hivyo viwango vyenyewe. Kanuni za Kenya za 2011 ziliweka mpaka wa miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu, au mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi, au miligramu 107 katika mililita 100 za mkojo. Hizo ni tarakimu za Uingereza, moja baada ya nyingine. Kiwango cha 80 kilianza kutumika huko Oktoba 1967, chini ya waziri wa uchukuzi Barbara Castle, mwanamke ambaye yeye mwenyewe hakuwa anaendesha gari na ambaye alitukanwa na kutishiwa kwa barua kwa sababu ya sheria hiyo. Katika miezi 12 ya kwanza vifo vya barabarani Uingereza vilipungua kwa 1,152. Tanzania nayo, katika Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, inatumia kiwango hichohicho cha 80.

Je, 80 ni kiasi gani? Chupa ya bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina takribani gramu 20 za pombe halisi. Kwa mwanamume wa kilo 70, chupa hiyo huongeza miligramu 42 hivi kwenye kila mililita 100 za damu. Ini huondoa karibu 15 kwa saa, na haliharakishwi na kahawa nyeusi, supu ya mbuzi, maji baridi wala usingizi. Kwa hiyo mtu aliyekunywa chupa sita kuanzia saa mbili hadi saa saba usiku anaondoka akiwa na 175 hivi. Akilala saa sita, akaoga na kuvaa shati safi, saa moja asubuhi bado yuko juu ya 80. Kichwani mwake jana imekwisha. Kwenye damu yake ndiyo kwanza inaelekea ukingoni. Naye ndiye anayewapeleka watoto shuleni, au anayetoa matatu stendi kwa safari ya kwanza, na pengine amekwisha kuzimua kwa chupa nyingine njiani. Vizuizi vya usiku peke yake havimwoni mtu huyu.

Tena si lazima afike 80 ndipo awe hatari. Mwaka 1964 Robert Borkenstein, mtaalamu wa Indiana aliyebuni kipimo cha pumzi kiitwacho Breathalyzer miaka 10 kabla yake, alichapisha utafiti aliouongoza katika mji wa Grand Rapids, Marekani. Maelfu ya madereva waliopata ajali walilinganishwa na maelfu ya wengine waliopita maeneo hayohayo salama. Ilionekana kwamba uwezekano wa kusababisha ajali huanza kupanda kabla ya 80, na ukishapita hapo unapaa. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linapendekeza 50 kwa madereva wa kawaida na 20 kwa vijana na waliopata leseni karibuni. Norway iliweka 50 tangu 1936, kisha ikashuka hadi 20 mwaka 2001.

Hapa wanasiasa hupenda kusimama. Kiwango kinashushwa, faini inaongezwa sufuri moja, kamera zinapiga picha, na kazi inahesabiwa kuwa imekwisha. Uskoti inafundisha vingine. Desemba 2014 nchi hiyo ilishusha kiwango chake kutoka 80 hadi 50, wakati Uingereza kwenyewe kukibaki 80. Watafiti wa Glasgow walipopima matokeo na kuyachapisha katika jarida la Lancet, hawakuona ajali zikipungua. Sheria ilikuwa nzuri. Maelezo waliyoyatilia mkazo ni kwamba upimaji barabarani haukuongezwa ili kuisukuma.

Jambo hilohilo lilikuwa limetokea kwa ile sheria ya Castle. Mwanasosholojia Mmarekani Laurence Ross aliifuatilia kwa miaka kadhaa na kuona manufaa ya mwanzo yakififia. Mwaka wa kwanza madereva waliamini kwamba watapimwa, wakajizuia. Baadaye waligundua kwamba mtu anaweza kunywa na kuendesha mwaka mzima bila kuona kipimo, wakarudi kwenye mazoea. Adhabu haikuwa imebadilika hata kidogo. Imani ya kukamatwa ndiyo iliyokwisha.

Sasa jimbo la New South Wales, Australia. Desemba 17, 1982 polisi wa huko walipewa uwezo wa kumsimamisha dereva yeyote, mahali popote, na kumpima bila kumshuku chochote. Upimaji ulifanywa kwa wingi na kwa kuonekana, na katika mwaka wa kwanza pekee karibu dereva mmoja kati ya watatu alipimwa. Muhimu zaidi, haukukoma. Umeendelea mwaka baada ya mwaka kwa zaidi ya miaka 40. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 pombe ilihusika katika takribani asilimia 40 ya ajali za vifo katika jimbo hilo. Siku hizi ni chini ya asilimia 20. Dereva wa Sydney akikataa bia ya pili hahitaji kueleza. Akisema anaendesha, mezani wanamwelewa.

Anayedhani hayo yanawezekana kwa matajiri tu aangalie Kigali. Rwanda ilianzisha kampeni ya Gerayo Amahoro mwaka 2019, na polisi wake wamekuwa wakimshikilia dereva aliyepatikana amelewa kwa siku 5 na kumtoza faini ya faranga 150,000. Siku 5 si adhabu ya kutisha ukiilinganisha na kifungo cha miaka miwili kilichoandikwa katika sheria ya Kenya. Tofauti ni kwamba zile siku 5 zinatumikiwa kweli, na zinamkuta mwenye gari kubwa kama zinavyomkuta mwenye pikipiki. Kampala nako msako wa walevi barabarani umeshika kiasi cha kupewa jina na wananchi wenyewe, kawunyemu.

Pombe ina kipimo cha pumzi. Vilevi vingine vinapita kizuizini bila kuonekana. Kwenye njia ya malori kutoka Mombasa kwenda Malaba na Busia, kuanzia Mlolongo hadi Salgaa, miraa na muguka ni sehemu ya vifaa vya kazi kama jeki na tairi la akiba. Dereva hutafuna ili asisinzie, na kilichomo kwenye majani hayo, kathinoni, kiko katika ukoo mmoja na amfetamini. Humfanya mtu ajione macho na jasiri huku mwili wake ukiwa umechoka vilevile. Nguvu yake ikiisha, usingizi unamwangukia ghafla, gari likiwa kwenye mwendo. Wapo wanaoongeza vidonge vya kutuliza ili waweze kulala wakifika, na wapo wanaorudi barabarani vidonge hivyo vikiwa bado vinafanya kazi. Nchini Kenya miraa ni zao halali linalolisha familia nyingi za Meru. Tanzania ni dawa ya kulevya iliyopigwa marufuku, na huko huitwa mirungi. Lori linapovuka Namanga sheria inageuka, lakini mwili wa dereva ni uleule.

Kumlaumu dereva peke yake hapa ni kukwepa nusu ya kesi. Tajiri anayetaka mzigo ufike kwa muda ambao mtu aliyelala hawezi kuutimiza, na mwenye matatu anayedai hesabu ya siku isiyofikika bila kuongeza safari za usiku, wanashiriki kuchagua kile dereva anachotafuna. Ratiba inayompa saa za kulala ingepunguza majani hayo midomoni kuliko mahubiri yoyote. Na sheria iwaguse: mwajiri aliyempanga mtu saa 18 mfululizo asimame kizimbani naye.

Kuna pia dawa halali. Vidonge vya mafua na mzio vinavyouzwa kila duka la dawa, kama Piriton, husababisha usingizi, na ukichanganya na chupa moja ya bia athari huongezeka. Dawa kadhaa za maumivu makali, kifafa na kukosa usingizi ni hivyohivyo. Mwuza dawa anaweza kuuliza swali moja kabla ya kutoa bahasha: mgonjwa anaendesha gari au pikipiki? Swali hilo halihitaji bajeti. Kwa bangi na dawa nyingine, jimbo la Victoria nchini Australia lilianza mwaka 2004 kupima mate ya madereva barabarani. Vipimo hivyo ni ghali kuliko vya pumzi, kwa hiyo Kenya na Tanzania zingeanza na mahali penye hatari kubwa: mizani ya malori, mipakani na vituo vya mabasi ya masafa marefu.

Hatua za kupunguza kilevi kabla hakijafika barabarani nazo zina historia nzuri katika eneo hili. Machi 1, 2017 Tanzania ilipiga marufuku viroba, pombe kali ya pakiti ndogo za plastiki iliyouzwa kwa bei ya chini na kutoshea mfuko wa shati wa dereva wa bodaboda. Uganda ikafuata 2019. Kenya ilikuwa imeikataza pombe ya pakiti katika sheria ya 2010 inayojulikana kwa jina la mbunge aliyeisukuma, John Mututho, sheria iliyoweka pia saa za kufungua na kufunga baa. Pakiti ile ilikuwa hatari hasa kwa waendeshaji, kwa kuwa ilinyweka palepale kijiweni kati ya abiria mmoja na mwingine. Kuiondoa hakukumaliza ulevi, lakini kuliiondoa pakiti kwenye usukani.

Tanzania ina mfano mwingine unaostahili kuigwa. Katika Stendi Kuu ya Mabasi ya Magufuli, Mbezi Luis jijini Dar es Salaam, polisi wamekuwa wakiwapima ulevi madereva wa mabasi ya mikoani kabla ya safari, hasa wakati abiria ni wengi mwisho wa mwaka. Dereva akikutwa na kilevi, basi linatafutiwa dereva mwingine kabla halijatoka getini, abiria wakiwa wazima. Hiyo ndiyo maana halisi ya kuzuia. Kizuizi cha njiani kinamkamata mtu aliyekwisha kuhatarisha watu kwa kilomita kadhaa. Kipimo cha stendi kinamkuta hajawasha injini. Kasoro ni moja tu, kwamba hufanywa zaidi kwa msimu wakati safari ni za kila siku.

Wapo wanaopinga upimaji wa jumla, na hoja zao zinastahili jibu. Wengine husema ni kuingilia uhuru wa mtu asiye na kosa. Lakini dereva yeyote tayari anasimamishwa kuonyesha leseni na bima bila kushukiwa, na kupuliza kifaa huchukua muda mfupi kuliko kutafuta leseni kwenye pochi. Upimaji wa wote, tena, ni wa haki kuliko ule wa kuchagua, kwa sababu haumpi afisa nafasi ya kuamua nani anafanana na mlevi. Wengine husema utaua biashara ya usiku. Miji iliyopima kwa miaka 40 bado ina baa. Wateja wake wamezoea kurudi nyumbani kwa njia nyingine.

Hoja nzito kuliko zote ni rushwa. Mwananchi wa kawaida akisikia kizuizi kipya anafikiria chai mpya, na hakosei kufikiria hivyo. Kipimo kisichoacha kumbukumbu ni mtaji wa kitu kidogo. Dawa yake ni vifaa vinavyohifadhi kila pumzi iliyopulizwa, saa, mahali na matokeo, na kuyatuma moja kwa moja kwenye mfumo ambao afisa wa barabarani hawezi kuufuta. Idadi ya vipimo na idadi ya kesi zilizofika mahakamani ichapishwe kila mwezi, kaunti kwa kaunti. Kituo kilichopima madereva 3,000 na kupeleka kesi sifuri kitajieleza.

Kwa Bunge la Kenya, kazi ya kwanza iko wazi tangu 2017, nayo ni kuandika kiwango cha pombe ndani ya Sheria ya Trafiki yenyewe ili kesi zisianguke tena kwa kasoro ileile. Kiwango hicho kiwe 50 kwa dereva wa kawaida na 20 kwa mwenye leseni mpya. Kwa dereva wa matatu, basi, lori, gari la shule na bodaboda inayobeba abiria kiwe sifuri, jambo ambalo limekuwa likijadiliwa na halina sababu ya kuendelea kusubiri. Tanzania nayo ina kila sababu ya kuiacha 80 ya mwaka 1973. Kila dereva anayehusika katika ajali iliyoua apimwe pombe na dawa, awe hai au amekufa, ili miaka ijayo mjadala uendeshwe kwa takwimu. Na bajeti ya upimaji ihesabiwe kwa miezi 12, asubuhi na usiku, Kisii na Kilifi sawa na Nairobi.

Kuna sehemu ambayo haingoji Bunge. Hakuna sheria inayomzuia mwenye basi au chama cha matatu kununua kipimo chake na kukiweka kwenye ofisi ya stendi, dereva akapuliza kabla ya kupewa funguo. Kampuni za bima zinaweza kupunguza malipo kwa wanaofanya hivyo. Kamati za harusi na za mazishi, ambazo hupanga chakula, hema na vipaza sauti hadi senti ya mwisho, zinaweza kuongeza mstari mmoja kwenye bajeti: nani atawarudisha waliokunywa. Abiria naye ana haki ya kushuka kwenye pikipiki ambayo mwendeshaji wake ananuka pombe, na ya kupiga simu polisi basi likianza kuyumba. Vyama vya matatu vinavyokutana kila mwezi kupanga nauli na zamu vinaweza kuliweka suala la kipimo kwenye ajenda ya kikao kijacho, kikapatikana kabla ya msimu wa Desemba.